Mkate bila ngano, kwa unga wa Mgori

*Mtama, uwele na ulezi havina gluteni, na vyote vinalimwa Singida. Mkate wake unawezekana, ila unadai mpishi asahau kukanda.*

Unga wa mtama uliochekechwa vizuri, ukitiwa hamira, sukari, chumvi na maji ya vuguvugu, kisha ukakandwa nusu saa nzima, hauwi donge la kuvutika. Ukishikwa unamong'onyoka, ukisukumwa unapasuka kingoni. Ukiachwa uumuke, hamira inafanya kazi yake na hewa inatoka, lakini hewa hiyo inapita kwenye nyufa na kupotea. Kinachoepuliwa motoni ni kitu kifupi na kizito, kinachobomoka kisu kikigusa tu.

Mpishi aliyezoea ngano akipata matokeo hayo mara moja hulaumu unga. Mtama unarudishwa kwenye ugali na uji, na mkate unaachiwa ngano inayotoka nje ya mkoa, na mara nyingi nje ya nchi.

Lawama hiyo haina haki. Kata ya Mgori, mashariki mwa Wilaya ya Singida, iko kwenye ukanda wa mvua za msimu mmoja, zinazoanza mwishoni mwa mwaka na kukatika Aprili. Wanyaturu wa huko wameishi kwa uwele na mtama vizazi na vizazi, kwa sababu ni nafaka zinazovumilia mvua ikikata katikati ya msimu. Hakuna hata moja kati ya hizo yenye gluteni. Mtu aliyekatazwa ngano na daktari, akiwa Mgori, amekaa jirani na maghala yenye unga unaomfaa, na unga huo ni wa bei ambayo familia ya mkulima inaimudu.

Kinachokosekana ni maarifa ya kujua unga upi unafanya kazi ipi, na upi ukae na upi.

Kazi ya gluteni

Ngano ina protini za aina mbili, gliadini na glutenini, ambazo zikikutana na maji na kukandwa hushikana na kufanya utando mwembamba unaonyumbuka. Hamira inapokula sukari na kutoa hewa, utando huo unajaa bila kupasuka, na donge linapanda. Moto ukifika, utando unakauka na kubaki na umbo lake. Huo ndio ulaini wa mkate wa boflo.

Shayiri na rai zina protini za ukoo huohuo, ndiyo maana mgonjwa wa gluteni hukatazwa nafaka zote tatu. Mtama, uwele, ulezi, mahindi, mchele na muhogo havina protini hizo. Havidhuru utumbo wa mgonjwa, na wakati huohuo havina cha kushika hewa.

Kuchagua unga usio na gluteni ni kutafuta vitu vingine vya kubeba kazi hiyo moja. Kwa kawaida havitoshi viwili. Unahitajika unga wa kuleta ladha na lishe, wanga wa kushikanisha, na kitu chenye utelezi au povu kitakachozuia hewa isitoroke kabla mkate haujaiva.

Ugonjwa wa nani?

Wapo wanaouliza kwa nini Singida ijisumbue. Kwao, ugonjwa wa kukataa ngano ni wa Wazungu na wa watu wenye fedha za kuchagua chakula. Hoja hiyo inasikika hata kwa watu wa afya, na inastahili kujibiwa kwa ukweli.

Ugonjwa wenyewe unaitwa siliaki. Mwili wa mgonjwa unapokutana na gluteni hujishambulia wenyewe na kuharibu vinyweleo vya utumbo mwembamba vinavyofyonza chakula. Mtoto anaharisha muda mrefu, tumbo linajaa, uzito haupandi. Mtu mzima anaweza asiharishe kabisa, akabaki na upungufu wa damu usiopona kwa vidonge, uchovu, au mifupa dhaifu. Duniani kote inakadiriwa kwamba karibu mtu 1 katika kila 100 anao, na wengi hawajapimwa.

Aliyeunganisha ugonjwa huu na ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alianza kuishuku ngano katika miaka ya 1930. Njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati mkate ulipoadimika Uholanzi, ilimwongezea hakika: watoto wagonjwa hawakuzidiwa kwa kukosa mkate, na ngano iliporudi, ugonjwa ulirudi. Tasnifu yake ilitoka mwaka 1950.

Dhana ya kwamba Waafrika hawaupati iliporomoka mwaka 1999, wakati jarida la The Lancet lilipochapisha uchunguzi wa watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi. Zaidi ya 5 kati ya kila watoto 100 walikuwa na siliaki, kiwango kikubwa kuliko kilichokuwa kimeonekana Ulaya. Wasahrawi ni watu ambao mlo wao ulijaa unga wa ngano katika kizazi kimoja au viwili tu, sehemu kubwa ukiwa wa msaada.

> Wasahrawi walijaziwa ngano ndani ya kizazi kimoja au viwili. Zaidi ya watoto 5 kati ya kila 100 waliopimwa walikutwa na siliaki.

Tanzania inaongeza ulaji wa chapati, maandazi na mkate mwaka hadi mwaka, mijini na vijijini. Watu waliokuwa hawaonekani kuwa wagonjwa kwa sababu walikula uwele sasa wanakula ngano asubuhi na jioni. Kungoja hadi wagonjwa wawe wengi ndipo mkate wao utafutwe ni kuwaonea wachache waliopo.

Upande wa pili nao una kosa lake. Mijini, unga usio na gluteni umeanza kuuzwa kama dawa ya kupunguza unene na ya kila maumivu ya tumbo. Mtu asiye na siliaki wala mzio wa ngano kwa kawaida hana sababu ya kiafya ya kuikimbia gluteni. Lililo baya zaidi ni kuacha ngano kabla ya kupimwa: kipimo cha damu hutafuta kingamwili zinazozalishwa mgonjwa anapokula gluteni, na kipande cha utumbo hukatwa kwa endoskopia ili kuona madhara. Aliyeacha ngano kwa miezi kadhaa anaweza kuonekana mzima hali ni mgonjwa. Utaratibu sahihi ni kupimwa kwanza katika hospitali ya rufaa, ndipo jikoni pabadilishwe.

Ngano ya ng'ambo ya kilima

Ngano si mgeni wa mbali kwa watu wa Mgori. Upande wa kaskazini, wilayani Hanang, kuna tambarare za Basotu, ambako kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha mashamba makubwa ya ngano chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO. Mashamba hayo yalifikia hekta zipatazo 40,000. Wabarabaig waliokuwa wakilisha mifugo katika ardhi hiyo waliondolewa, na kesi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO ilifika Mahakama ya Rufani katika miaka ya 1980. Kanada ilijitoa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na uzalishaji ukashuka.

Leo sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini inaingia kwa meli. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ya unga wa ngano ilipanda hadi kwenye genge la maandazi la kijijini. Mtama wa Mgori haukuwa na habari na vita hivyo.

Ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya mkate ilikuwa ya wafugaji, na mkate wenyewe bado unaagizwa nje. Wakati huohuo nafaka zinazostahimili ukame wa Singida zilibaki zikiitwa chakula cha njaa. Jina hilo limefanya kazi mbaya: kijana anayefungua kibanda cha mikate haioni nafaka ya kwao kama bidhaa.

Unga mmoja mmoja

Mtama ndio wa kuanzia. Rangi inatawala hapa kuliko jambo lingine lolote. Mtama mwekundu na wa kahawia iliyokolea mara nyingi una tanini nyingi, ambayo hukausha kinywa, hutia uchungu na kuzuia mwili kufaidi protini. Mtama mweupe hauna shida hiyo: unga wake ni laini, hauna kelele ya ladha, na mkate wake unakaribia rangi ya krimu. Mbegu ya Macia, iliyoruhusiwa nchini mwishoni mwa miaka ya 1990, ni ya aina hii, na ndiyo inayofaa mkate.

Mkulima ana hesabu nyingine. Ndege aina ya kwelea kwelea wanaupenda mtama mweupe kwa sababu ileile ya mpishi. Ndege mmoja hula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku, na kundi la ndege milioni moja linamaliza tani 10 kabla ya jua kuzama. Mwekundu wanauacha hadi wakose kingine. Anayemshauri mkulima wa Mgori apande mweupe kwa ajili ya mkate amweleze pia nani atashinda shambani wiki za kukomaa, maana kwa kawaida wanaoamia ndege ni watoto, na kila siku ya kuamia ni siku ya shule iliyopotea.

Aliye na mwekundu tu hajakwama. Kukoboa kunaondoa sehemu kubwa ya tanini, kwa kuwa imekaa kwenye ganda la ndani. Kusini-magharibi mwa Uganda, Wakiga huloweka mtama wa namna hiyo kwenye maji ya majivu kabla ya kuuchipusha kwa ajili ya obushera. Alkali ya majivu inaivunja nguvu tanini. Nafaka ikisuuzwa na kukaushwa vyema, inasagika.

Uwele una protini nyingi na mafuta karibu gramu 5 katika kila gramu 100, kiasi kikubwa kwa nafaka. Mafuta hayo ndiyo uzuri wake na ndiyo kasoro yake. Unga wa uwele uliosagwa leo una harufu nzuri ya karanga, lakini katika joto la Singida siku chache tu zinatosha kuugeuza mchungu. Sheria ni moja: uwele husagwa kwa kiasi cha kupikwa wiki hiyo. Kwenye mkate usizidi theluthi ya unga wote, vinginevyo unatia rangi ya kijivu na uzito.

Ulezi hutiwa kwa ladha na kwa madini. Gramu 100 za ulezi zina miligramu zaidi ya 300 za kalsiamu, mara kadhaa ya zile za ngano isiyokobolewa, na mgonjwa wa siliaki ambaye mifupa yake imekosa kalsiamu kwa miaka anauhitaji. Punje zake ni ndogo na hubeba mchanga wa uwanja wa kupuria. Usipooshwa kwa kuelea, mkate mzima unasaga meno.

Mchele hausumbui mtu. Hauna ladha kali, tumbo lolote linaupokea, na chenga zake, ambazo wenye mashine huziuza kwa bei ya chini, zinasagika sawa na mchele mzima. Lakini Mgori si nchi ya mpunga, na mchele mtupu hutoa mkate mkavu unaochakaa haraka.

Muhogo ndio gundi. Wanga wake ukipashwa moto na maji huwa wa kunata na kuvutika kuliko wanga wa nafaka yoyote ya hapa, na huo ndio mvutano unaotafutwa. Unaofaa mkate ni unga mweupe wa muhogo mtamu, uliomenywa, ukakunwa, ukakamuliwa na kuanikwa siku hiyohiyo kabla haujachachuka. Udaga una harufu ya kuvundika inayofaa ugali, ila inauzidi nguvu mkate.

Kwa muhogo hakuna njia ya mkato. Katika miaka ya 1980 wilayani Tarime, familia zilizofupisha siku za kuandaa muhogo mchungu wakati wa ukame zilipata konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na kwa maisha yote. Viwango vya kimataifa vinataka unga wa muhogo usizidi miligramu 10 za sayanidi kwa kilo. Kukuna kunavunja chembe na kuiachia sumu hiyo iondoke, wakati vipande vikubwa vilivyoanikwa haraka huibakiza ndani.

Mahindi yana nafasi ndogo. Sembe hutoa mkate wa chengachenga, na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya yana hatari inayojulikana sana katika ukanda huu. Mwaka 2016, katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walifariki kwa sumukuvu iliyotokana na mahindi yaliyoota kuvu. Karanga nazo zinapata kuvu hao. Mgonjwa ambaye utumbo wake umeshaharibika si wa kujaribiwa kwa unga wa mabaki.

> Mtama kwa ladha, muhogo kwa mshikamano, yai kwa povu. Kikikosekana kimoja, viwili vilivyobaki haviubebi mkate.

Kumimina badala ya kukanda

Pwani ilishalijibu swali la mkate usio na ngano zamani. Mkate wa kumimina wa Unguja, Pemba na Mombasa ni mchele uliolowekwa usiku kucha, ukasagwa na tui la nazi, hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke, kisha ukamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupaliwa makaa juu na chini. Hakuna anayeukanda. Mkate wa mofa nao, uliookwa kwenye tanuri la udongo, ulikuwa wa mtama. Wasudani wana kisra ya mtama, na Waethiopia injera ya tefu. Sehemu nyingi watu walipooka bila ngano, walifanya rojo.

Ndiyo siri yote ya mkate wa Mgori. Watafiti wa mtama wamefika palepale kwa vipimo: sehemu 7 za unga wa mtama mweupe, sehemu 3 za wanga, na maji yanayozidi kidogo uzito wa unga wote. Kwa nusu kilo ya unga ni gramu 350 za mtama, gramu 150 za wanga wa muhogo, na maji mililita 525 hivi. Hamira gramu 10, chumvi kijiko cha chai kisichofura, asali kijiko kimoja au viwili.

Mpishi wa ngano anapoona rojo hilo anashawishika kuongeza unga. Asiongeze. Uzito unaotakiwa ni wa rojo la vitumbua: likichotwa kwa mwiko linaanguka kwa mkupuo mzito, na alama yake inabaki juu kwa muda kabla ya kuzama. Likishika mkono, limeshakuwa kavu mno, na nyufa zilezile zitarudi.

Hatua inayoleta tofauti kubwa hutangulia hata hamira. Kiganja kimoja cha unga wa muhogo kinatolewa kwenye vipimo na kupikwa kwa maji kiasi hadi uwe uji mzito unaong'aa. Uji huo ukipoa, unachanganywa na unga uliobaki. Wanga ulioiva tayari unashika hewa tangu mwanzo, wakati wanga mbichi unangoja moto, na hadi hapo hewa imeshakwenda. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilieneza mbinu hii katika miaka ya 1980 kwa nchi zisizolima ngano. Haidai kitu kisichopatikana kijijini.

Mayai mawili ya kuku wa kienyeji, ute ukipigwa peke yake hadi ufure na kuingizwa mwisho, huongeza kuta za povu. Mafuta ya alizeti, vijiko viwili, yanachelewesha ukavu. Asali kutoka msitu wa miombo wa Mgori, ambao vijiji vinavyouzunguka vilianza kuutunza vyenyewe katikati ya miaka ya 1990, inailisha hamira na kushika unyevu. Singida inasifika kwa kuku, alizeti na asali. Vyote vitatu vina kazi katika sufuria moja.

Mijini wapo wanaotumia gamu ya zanthani au maganda ya isabgol, yanayovimba majini na kufanya utelezi. Vinasaidia kweli, na kwa anayeoka mikate mingi ya kuuza vinarahisisha kazi. Bamia na mlenda vina utelezi wa aina hiyo pia, lakini vinaacha rangi na ladha ya mboga.

Ladha ya mtama inanufaika na uchachu. Sehemu ya unga, robo au theluthi, ikikorogwa na maji na vijiko kadhaa vya togwa iliyochachuka, na kuachwa hadi asubuhi, inapata asidi inayofukuza harufu ya unga mbichi na kulainisha ndani ya mkate. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba uchachu huo unavunja protini za mtama zilizokuwa zikivuruga mshikamano wa wanga. Togwa itakayotumika isiwe ya kimea cha shayiri.

Rojo linaumuka mara moja tu, nusu saa au zaidi kidogo, ndani ya sufuria litakamoivia. Ngano hupigwa na kuachwa ipande tena. Rojo likiguswa baada ya kupanda linaanguka na halirudi. Makaa machache huwekwa chini na mengi juu ya mfuniko. Wanga wa mtama unaiva kwa joto kubwa kuliko wa ngano, hivyo mkate huu unakaa motoni zaidi, na ukaukaji wa juu si dalili kwamba ndani kumeiva. Usikatwe ukiwa moto. Ndani bado kuna unyevu unaotafuta mahali pa kukaa, na kisu kitatoka kimenata.

Robo gramu

Viwango vya kimataifa vya Codex vinaruhusu chakula kiitwe kisicho na gluteni kikiwa nayo isiyozidi miligramu 20 kwa kilo. Unga wa ngano wa kawaida una gluteni karibu gramu 8 katika kila gramu 100. Hesabu yake inatisha: robo gramu ya unga wa ngano, kiasi kinachobaki kwenye ncha ya kijiko, ikiingia kwenye kilo ya unga wa mtama inafikisha kikomo hicho.

> Robo gramu ya unga wa ngano inatosha kuifikisha kilo nzima ya unga wa mtama kikomoni.

Kwa hiyo kuchagua unga ni pia kuchagua mashine. Mashine ya kijijini isiyosaga ngano ni salama kuliko kiwanda cha mjini kinachosaga vyote kwa zamu. Inayosaga ngano mara mojamoja isafishwe, na kilo za kwanza baada ya hapo apewe mteja asiye mgonjwa. Chekeche, ubao wa kusukumia chapati na mafuta yaliyokaangia maandazi vinabeba ngano bila kuonekana. Mgonjwa awe na vyake.

Mtego mkubwa kuliko yote ni unga wa lishe. Mchanganyiko huu wa ulezi, mtama, mahindi, soya na karanga ndio mama wengi huanzia nao pale mtoto anapodhoofu, na michanganyiko mingi ina ngano ndani. Mtoto mwenye siliaki anadhoofu, anapewa uji wa lishe, anadhoofu zaidi. Asomaye pakiti asome orodha yote, na anayenunua wa kupimiwa sokoni aulize kila nafaka kwa jina.

Neno "mtama" juu ya mfuko wa mkate nalo halitoshi. Mikate mingi ya namna hiyo ni ngano iliyochanganywa na mtama kidogo. Kazi ya kusimamia ubora wa chakula ilihamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS, mwaka 2019, na ndilo lenye mamlaka ya kudai mwoka mikate aandike kiasi cha kila unga. Kwa mgonjwa, maandishi hayo yana uzito wa dawa.

Mwoka, mkulima na nchi

Mabishano kuhusu mkate huu sokoni yana pande nne, na kila upande unasema kweli kwa nafasi yake.

Mwoka mikate anataka mkate unaopanda, unaokatika vipande na kukaa siku tatu dukani. Mkate wa rojo hautimizi hayo. Wanga wake unagandana upya haraka, na kesho yake umekuwa mgumu. Hawezi kuutengeneza mwingi na kungoja wateja.

Wapangaji wa uchumi wanataka kupunguza ngano inayoagizwa. FAO ilianzisha mpango wa unga mchanganyiko mwaka 1964, na Nijeria imejaribu zaidi ya mara moja kuvitaka viwanda viingize muhogo kwenye unga wa mkate. Kuchanganya mtama asilimia 10 au 20 kwenye ngano hakuharibu mkate na kunampa mkulima soko. Lakini mkate huo haumsaidii mgonjwa hata chembe. Unamwongezea hatari, kwa kuwa jina la nafaka salama sasa limebandikwa juu ya ngano. Sera zote mbili zinaweza kwenda pamoja pakiti zikisema ukweli.

Watu wa lishe wana angalizo ambalo halistahili kupuuzwa. Tangu mwaka 2011 kanuni zinataka unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uongezwe madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Unga wa mtama uliosagwa Mgori hauongezwi kitu. Mwanamke wa umri wa kuzaa anayehama ngano kabisa anapoteza foliki hiyo, na anatakiwa kuipata kliniki na kwenye mboga za majani na kunde.

Kwa mkulima, swali ni kama kuna atakayenunua mtama mweupe kwa bei inayolipa jasho la kuamia ndege. Viwanda vya bia vimeshaonyesha kwamba soko la mtama mweupe likiwepo, unalimwa. Mikate ya wagonjwa peke yake ni soko dogo. Ikiunganishwa na vitumbua, uji na mikate ya watu wazima wenye kisukari wanaotafuta unga usiokobolewa, inaanza kuwa kitu cha kikundi cha akina mama chenye mashine moja isiyoingizwa ngano.

Kikundi cha namna hiyo kitafanya vizuri kikiuza unga uliokwisha changanywa kuliko mkate uliookwa: mtama sehemu 7, muhogo sehemu 3, kwenye mifuko ya nusu kilo yenye tarehe ya kusagwa. Mtama ulioanikwa vizuri hukaa ghalani msimu mzima, lakini unga wake usiokobolewa hukaa wiki chache tu na wa uwele siku chache, hivyo ghala lihifadhi punje na mashine isage kwa oda. Mkate wenyewe uokwe mdogo, wa kuliwa siku hiyo. Uliolala ukatwe vipande na kubanikwa juu ya makaa hadi uanze kubadilika rangi. Joto linaulegeza wanga uliogandana, na ulaini unarudi kwa muda unaotosha kunywa chai.